Jina la Aliyerudi Kwao

Baba yake Orpah alilipata jina hilo kanisani, na kosa lake lilikuwa kuondoka mapema. Alimsikia mhubiri akilitamka, likampendeza, na nyumbani alikuwa amemwacha mke mwenye uchungu wa kuzaa. Akatoka mbio kabla mahubiri hayajaisha. Hakungoja kusikia kwamba Orpah wa Maandiko ni yule mkazamwana aliyembusu mama mkwe wake, akageuka, akarudi kwao, huku mwenzake akibaki na kikongwe.

Sehemu iliyobaki Orpah aliisikia kwa watu wengine, maisha yake yote.

Aliolewa Kisii, mlimani juu ya Nyakoe, katika boma la chai na ndizi. Mumewe Omwenga alipokufa kwa homa ya mapafu, mtoto wao Ishmael alikuwa bado ananyonya. Hata matanga hayajaisha, mama mkwe, Kwamboka, akamuuliza mbele ya watu, "Wewe, busu langu unanipa leo au kesho?" Waombolezaji wakaficha vicheko ndani ya leso. Tangu siku ile, akichelewa mtoni, basi ameenda kwao. Akikunja nguo, anafunga mizigo. Kanisani, somo hilo likifika, vichwa viligeuka vyote kumtazama.

Hakwenda popote. Alichuma chai, akabeba kikapu mgongoni hadi kituo cha kununulia, akasomesha mwana. Kwamboka alipopooza upande mmoja, binti zake walikuja kumtazama wakarudi kwa waume zao. Aliyemgeuza kitandani, akamwosha, akamlisha uji wa wimbi kwa kijiko, ni Orpah. Kikongwe alimeza, kisha akasema kwa mdomo uliopinda, "Bado uko?" Akafa bila kusema lingine.

Mahali jina lake lilipopumzika ni sokoni Daraja Mbili. Wanunuzi wa ndizi kutoka Oyugis, Ujaluoni, walilivuta kwa raha: "Orpaaa, ongeza moja basi!" Mwanamke mmoja Mjaluo alimwambia kwao kuna shangazi mwenye jina hilo, ana ng'ombe wengi na mdomo mkali, na hakuna anayethubutu kumchezea. Siku hiyo Orpah alipanda mlima akicheka peke yake.

Ishmael alioa Nairobi, msichana wa Kikuyu aitwaye Cynthia, mzaliwa wa Nyandarua. Mtoto wao wa kwanza akawa msichana. Wakamleta nyumbani Ijumaa, ili kesho yake, siku ya Sabato, awekwe wakfu kanisani. Cynthia hakukaa hata kitini kabla ya kumweka mtoto mapajani mwa mama mkwe wake.

"Cucu," akamwita, kama kwao wanavyomwita bibi, "mshike wajina wako."

Orpah hakuelewa; kwa Wakisii mtoto hupewa jina la aliyekufa.

"Kwetu msichana wa kwanza ni wa mama ya baba," Cynthia akasema. "Si lazima huyo mama awe amekufa. Huyu ni Orpah. Nilisoma na Orpah wawili, mmoja alikuwa kiranja. Ni jina zuri."

Orpah akamrudisha mtoto haraka, akaenda jikoni kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Jioni jamaa walipokusanyika, mtoto alilia bila kunyamaza. Gesare, dada ya marehemu Omwenga, akainua kidole. "Mnamsikia? Analilia jina. Mama yetu amekaa huko chini bila mtu wa kumwita."

"Ana gesi tumboni," Cynthia akasema.

"Hiyo gesi ni ya Nairobi. Hapa mtoto hulilia wafu wake."

Manasseh, kaka mkubwa wa marehemu, akacheka kifuani. "Na huyo Orpah mdogo ataolewa na nani? Wakwe si watadai tuwape na nauli yake ya kurudi?" Nyumba nzima ikaangua kicheko. "Usinune, shemeji. Wewe kufa kwanza, halafu utaitwa."

Orpah alimtazama mwanawe. Alingoja. Ishmael aliendelea kusugua kioo cha simu kwa kidole, kisha akasema bila kuinua macho, "Mama aamue mwenyewe. Akisema Orpah, ni Orpah."

Wote wakamgeukia, mtoto akiendelea kulia. Orpah alilitaka jina hilo. Lakini mtoto akipata homa wiki ijayo, watasema ameletewa na nani? Na akikaa kwenye benchi la kanisa, somo lile likafika, nani atawazuia kugeuza vichwa?

"Kwamboka," akasema. Mke hamtaji mama mkwe kwa jina. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitoa mdomoni.

Vigelegele vikapigwa. Gesare akamnyakua mtoto akamwita, akamwita tena. Cynthia alimchukua kwa nguvu, akamnyonyesha, naye akatulia.

"Si nilisema?" Gesare akauliza.

Baadaye Cynthia alimfuata Orpah jikoni. "Mama, nimebishana na Ishmael mimba nzima juu ya jina hilo. Alisema mtachekwa, nikakataa. Wewe umelitupa kama taka."

"Ni jina la kuumiza, mwanangu."

"Kwetu halikumuumiza mtu. Ungeniamini."

Hakumwita Cucu tena. Orpah alitaka kumweleza, lakini maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya Kikisii, na hata kwa Kikisii hakujua angeanzia wapi. Akamuuliza kama ataongeza chai. Cynthia akakataa.

Sasa mtoto anajua kuongea. Ishmael hupiga simu Sabato jioni. "Mama, Kwamboka anakusalimia. Mwite umsikie."

Orpah hubana simu sikioni, akasikia pumzi ndogo inamngoja. Hufungua mdomo. Jina halitoki.

"Mwambie avae sweta," humwambia Ishmael. "Kuna baridi."

Nyuma ya pumzi hizo humsikia Cynthia akisuuza vyombo. Haombi kupewa simu.