Kitambaa cha Seva

Dada yangu ni mpiga chapa wa hospitali, na ukaidi alizaliwa nao. Fundi wa kompyuta alipoacha kazi, mganga mkuu alimkabidhi dada ufunguo wa chumba cha seva pamoja na kitabu kinene cha mitandao, kama mtu anayemwachia jirani mtoto na kutokomea. "Utajifunza tu," akamwambia. Seva ndiyo mashine iliyobeba faili za wagonjwa wote. Zile za makaratasi zilishachomwa, eti tumeendelea.

Na kweli alijifunza. Alisoma jikoni, alisoma akinyonyesha. Akaunganisha kompyuta za maabara na za duka la dawa, ncha za nyaya akizibana mwenyewe kwa koleo, hadi madaktari wakaanza kumwita Injinia. Nilijivunia, sifichi. Ila alisoma kwa mpangilio, na kuruka hata mstari kwake ni dhambi. Sura ya kwanza ilisema vumbi ni adui wa seva. Basi akaifunika gubigubi kwa kitambaa cha maua alichokidarizi mwenyewe, kama tunavyofunika televisheni nyumbani.

Mimi ni mfagizi wa hapohapo. Siku moja niliingia kufagia nikasikia mashine inagonga ndani kwa ndani. Nikaigusa juu ya kitambaa, nikatoa mkono haraka.

"Dada, hii kitu inaungua! Hebu angalia kitabu kinasemaje."

"Mambo ya joto yako mbele huko, sijafika. Bado niko kwenye anwani za kompyuta."

"Si uruke?"

"Nikiruka nitaelewa nini? Acha woga, mdogo wangu. Kila jioni naweka nakala za faili zote."

Nikaendelea kufagia, ingawa moyo haukutulia. Mfagizi ambishie Injinia kwa lipi?

Wiki hiyohiyo mama yetu aliletwa na majirani, homa imempanda, hajitambui. Kuna sindano iliyowahi kumvimbisha koo nusura tumzike. Jina la sindano hiyo hatukulishika. Daktari wa wakati ule aliliingiza kwenye kompyuta, akatuambia tusihofu, halafu akahamishwa.

Daktari wa zamu akatafuta faili ya mama. Kioo kikabaki cheupe. Dada akatimua mbio hadi chumba cha seva, nami nyuma yake. Kitambaa kilikuwa kimebabuka katikati, na kule kugonga kumekoma.

"Leta nakala," nikamwambia. "Ziko wapi?"

Dada alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine.

"Humohumo," akasema.

Nilitamani kumzaba kofi. Nilitamani pia kumkumbatia. Kabla sijafanya lolote, muuguzi akachungulia mlangoni.

"Daktari anauliza, mama yenu inamdhuru sindano gani? Hali yake haingoji."

Dada alikuwa ameshakifungua kitabu, anaruka kurasa.