Siku Ishirini na Tisa Bila Jina

Kinyozi ninayepanga naye saluni ana tabia ya kufuta mashine yake kwa spiriti kila anapomaliza kichwa cha mtu. Mimi nasuka upande huu wa dirisha, yeye ananyoa upande ule, na harufu ile ikinifikia vidole vyangu husimama katikati ya nywele za mteja. Wateja hudhani nimesahau mstari. Sijasahau kitu. Nimerudi tu kwenye chumba chetu cha ghorofa ya tatu, katikati ya mji huu huu wa Durban, mwaka ule wa Kombe la Dunia, nikiwa na miaka kumi. Mama anafuta kitovu cha mdogo wangu kwa pamba yenye spiriti, kama nesi wa kliniki alivyomwelekeza, na mdogo wangu anapiga kelele kuzishinda vuvuzela zote za barabarani.

Mtaniwia radhi nikizunguka. Shule niliiacha darasa la nane, na tangu hapo mwalimu wangu ni saluni, ambako hadithi haina haraka kwa sababu kichwa kimoja huchukua nusu siku. Umri wangu si mkubwa, lakini wenzangu huniita bibi kizee kwa ajili ya maneno yangu. Sawa tu. Bibi kizee na aseme.

Mdogo wangu huyo alikaa siku ishirini na tisa bila jina. Kwenye kadi yake ya kliniki waliandika Mtoto wa Spes, Spes ndiye Mama, na sisi nyumbani tukamwita Beibi. Majirani hawakutuacha tuhangaike peke yetu. Kila mtu alikuja na jina la mchezaji, hata wachezaji wa timu zilizokwisha kufungwa na kurudi kwao. Aliyezidi ni Mama Faila, Mkongomani wa mlango wa pili, muuza vitenge, mtu wa kuchokoza hata msibani. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Spes, huyu mtoto mutamuita Beibi mpaka aote ndevu? Siku ya ndoa pasta atasema, Beibi, unamukubali huyu bibi?"

Mama alicheka mpaka akashika mshono wa tumbo. Papa hakucheka.

Papa hakucheka kwa sababu yeye jina alikuwa nalo tayari, tangu kabla hajaoa. Papa ni Mbembe wa Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Mama ni Mrundi wa Rumonge, upande wa pili wa maji hayo hayo. Asubuhi isiyo na ukungu, Mama husema, ukisimama Rumonge unaiona milima ya kina Papa. Basi walikua wakitazamana kwa mbali bila kujuana, kisha wakaja kukutana huku chini kabisa ya Afrika, kwenye foleni ya karatasi za ukimbizi, wakigombea kiti kimoja cha plastiki. Papa akamwachia. Mama husema hicho ndicho kitu cha mwisho ambacho Papa alimwachia bila kubishana.

Kwa kina Papa, mtoto wa kwanza wa kiume humrudisha babu yake. Si kumkumbuka tu, ni kumrudisha: mtoto ni yule mzee, na baba wa mtoto humwita mwanawe Papa mbele ya watu wala hakuna anayeshangaa. Babu yangu Wilondja alikuwa hai kule Baraka, miguu imevimba, akingoja. Kwa kina Mama ni kitu kingine. Jina ndilo mtu, husema Warundi, na kila mtu huja na lake, nalo linasema neno. Mama alitaka Hakizimana, yaani Mungu ndiye anayeponya, kwa kuwa Beibi alitoka kabla ya siku zake, mdogo kama nusu mkate.

Mtasema, si wangempa yote mawili? Ndiyo, lakini kulikuwa na neno. Papa alipopiga simu Baraka kusema anaoa, Mama alikuwa amekaa ubavuni mwake, akasikia Babu anavyojibu: "Mwanamke wa ng'ambo ile, tumbo lake halitabeba jina langu." Siku zile watu wa pande zile mbili walikuwa na sababu nyingi za kuogopana, na Mama anazijua zote. Lakini neno lile alilibeba miaka kumi na moja kama kokoto ndani ya kiatu, na hakutaka kuvua kiatu.

Jumapili moja baada ya kanisa Papa alijaribu tena.

"Jina si langu, Spes. Ni la mzee. Mie ni wa kulipitisha tu."

"Alisema tumbo langu halitabeba," Mama akajibu, anachambua maharage. "Basi halikubeba. Nani amemkosea?"

"Alikuwa na hasira."

"Na mie nina maharage. Niache nichambue."

Hapo nitoke kidogo njiani. Mama alikuwa akifanya kazi Westville, kule kwenye miti mingi na watu wachache, kwa familia moja ya Wazungu. Bwana alikuwa Mwingereza, bibi Muairishi, nao walikuwa wamepata mtoto wa kiume mapema mwaka ule ule. Yule bibi alimpigia Mama simu kumpa hongera, Mama akatoka nayo kwenye korido, wakaongea huko kama nusu saa. Aliporudi alitusimulia, macho yamemtoka. Kumbe na wao walipigania jina! Baba yake yule bibi, mzee wa huko Ayalandi, alikataa kuja kwenye harusi kwa sababu bwana harusi ni Mwingereza. Hakutuma hata salamu. Wakwe wa Uingereza nao wakaleta jina la kwao, la babu wa mababu. Mimi nilishangaa, maana mpaka siku ile nilidhani Wazungu wote ni kabila moja.

"Sasa yule bibi akampa mtoto jina gani?" Papa akauliza, kama mtu asiyejali.

"Fergus. La baba yake. Yule yule aliyekataa harusi." Mama akatikisa kichwa. "Eti amesema mzee akitaka kumchukia, amchukie na jina lake mwenyewe mgongoni. Wazimu."

Wazimu, alisema. Lakini wiki ile hadithi ya Fergus aliisimulia mara tatu: kwetu, kwa Mama Faila, na kwa Beibi mwenyewe akimwogesha.

Sasa narudi. Serikali ilitaka mtoto aandikishwe ndani ya siku thelathini, na siku ya ishirini na nane Papa alikubali kushindwa. "Andika la kwenu," akasema, akaenda kazini Mobeni, kwenye ghala alikokuwa akipanga maboksi usiku kucha. Kesho yake alirudi, akalala kama gogo. Mama alikuwa anamvalisha Beibi tayari kwa safari ya ofisi ya vyeti. Simu ya Papa ikaita kwenye chaja. Nikaikimbilia isimwamshe.

"Allô? Ni nani?" Sauti ilitoka mbali, imekauka.

"Ni mie Esta, Babu. Papa analala."

"Esta." Akapumua muda mrefu. "Nilishazaliwa?"

Nilijua desturi, lakini sikuwa nimewahi kusikia mtu mzima akiuliza kuhusu nafsi yake namna ile, kama anayeuliza kama mvua imenyesha.

"Walisema mtoto mwanaume iko. Ninauliza, nilishazaliwa ao bado?"

"Ulizaliwa, Babu."

"Niko na afya?"

"Uko na afya. Unanyonya sana. Na unalia sana."

Akacheka mpaka akakohoa. "Kulia, hiyo ni mie kabisa," akasema, na simu ikakatika.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nimewahi kudanganya kuhusu sukari na kuhusu kazi za shule. Lakini kumwambia mzee mgonjwa kwamba amezaliwa, na huku tunatoka kwenda kumwandika mtu mwingine! Njia nzima kwenye teksi nilitazama nje ya dirisha. Mama aliniambia mara mbili, "Utasema Hakizimana. Umesikia?" Nikasema nimesikia.

Maana msemaji wa nyumba nilikuwa mimi. Watoto waliokulia huku kwenye familia za wakimbizi wanajua kazi hiyo. Shuleni nilipata Kizulu na Kiingereza, basi kliniki ni mimi, kwa mwenye nyumba ni mimi, barua ikija ni mimi. Nilijiona waziri. Mama, kwa hesabu yangu, alikuwa na maneno manne tu ya Kiingereza: yes, no, sorry na madam.

Fomu niliijaza mimi kwenye benchi, kwa kalamu ya kuazima. Mama hakusoma shule. Alikuwa anamtikisa Beibi na kutazama ukutani. Nikaandika Hakizimana. Kisha mkono wangu, sijui niueleze vipi, ukarudi nyuma, kwenye nafasi iliyobaki mbele yake, ukaandika Wilondja.

Mama wa dirishani alikuwa Mzulu, miwani imeshuka puani. Akasoma, akanitazama, akamtazama Mama kupitia kioo. Akauliza kwa Kiingereza, taratibu, kwa nini majina mawili. Nikamjibu kwamba moja ni la babu yangu, yuko mgonjwa. Akasema, "Shame, man," kwa huruma, kama wanavyosema watu wa huku. Halafu akauliza swali nililokuwa naliogopa: mama wa mtoto anakubali jina la babu liwepo?

Nikageuka. "Mama, anauliza kama mtoto ananyonya vizuri."

Mama alimtazama yule mwanamke wa nyuma ya kioo. Akamtazama Beibi. Akavuta shuka, akamfunika mguu uliotoka nje.

"Mwambie nakubali," akasema.

Nikamwambia mama wa dirishani kwamba anakubali. Muhuri ukapigwa, na mimi nikamshukuru Mungu aliyewapa wazazi wangu msemaji mwerevu.

Jioni Papa alipoamka, karatasi ilikuwa mezani. Yeye alisoma Kifaransa kidogo huko kwao, jina la baba yake hangeshindwa kulisoma. Alisoma, akainua macho, akasoma tena. Mimi nilikuwa chini ya dirisha najifanya nafunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe havikuwa na kamba.

"Spes, hii ni nini?"

"Ndivyo walivyoandika," Mama akasema, akimpakulia. "Kula, ugali unapoa."

Papa hakula. Alipiga simu Baraka, akaweka sauti ya nje. "Papa, ulizaliwa," akasema.

"Ninajua," Babu akajibu. "Esta aliniambia asubuhi."

Chumba kizima kikanigeukia, hata Beibi, naapa. Lakini kabla mtu hajasema kitu, ile sauti iliyokauka ikaendelea: "Munipe mama yangu nimusalimie."

Papa hakuelewa mara moja. Bibi mzaa babu alikufa zamani. Mama ndiye aliyeelewa. Kama Beibi ni Wilondja, na Wilondja ni yeye mzee, basi duniani kulikuwa na mwanamke mmoja tu wa kuitwa mama yake. Aliweka kijiko. Alifuta mikono kwenye kitenge, upande huu na upande ule, muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji. Akachukua simu, akaenda nayo kwenye korido, akafunga mlango.

Walichoongea sikijui hadi leo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akamnyonyesha Beibi akisema, "Njoo, kizee kibishi, njoo ule." Miezi minne baadaye Babu alikufa. Alikufa akiwa ameshazaliwa, na si kila mtu hupata hiyo.

Miaka mingi nilitembea na ushindi wangu. Mimi ndiye niliyempa mdogo wangu jina, mimi ndiye niliyewapatanisha. Ni hapa saluni, siku moja namtafsiria mteja mgeni mbele ya mwenye duka, ndipo vidole viliposimama. Nusu saa kwenye korido na yule bibi Muairishi. Hadithi nzima ya Fergus, na harusi, na wakwe. Kwa maneno manne? Na nilimuuliza kama mtoto ananyonya. Nani huulizwa hivyo, akajibu nakubali?

Mwaka jana alikuja nimsuke. Nikamwinamia sikioni.

"Mama, siku ile kwenye ofisi ya vyeti. Ulimsikia yule mama alivyouliza?"

Kinyozi alikuwa anafungua chupa yake ya spiriti. Mama akavuta ile harufu, akafumba macho, akacheka peke yake.

"Esta," akasema, "ulikuwa mkalimani mbaya sana. Suka."