Mume Wangu na Maneno Adimu ya Kihispania

Binti yetu alipoolewa Uhispania, mume wangu aliapa kwamba siku wakwe watakapokuja kututembelea Mukuyuni, hataketi kitini akitabasamu kama mtu anayepigwa picha. Alikuwa amechoshwa na zile simu za Jumapili. Mama mzazi wa mkwe wetu angetokea kwenye kioo cha simu, azungumze mengi kwa uchangamfu, na mume wangu, aliyekuwa afisa wa kilimo miaka mingi na kuzoea kuhutubia wakulima wa tarafa nzima, angebaki akitikisa kichwa tu.

"Nitajifunza Kihispania," akasema.

Nilifurahi. Tangu astaafu alikuwa akinifuata jikoni kunieleza jinsi ya kupanga sufuria. Nilifikiri sasa nitapumua.

Mambo yaliharibikia mjini Kabati. Alikuwa ameenda huko Kitui kumsalimia dada yake, na kabla ya kurudi akapita sokoni, akamkuta mtu ametandaza vitabu vikuukuu kando ya viatu vya mitumba. Akaja nyumbani na kitabu kinene, jalada limeliwa na mchwa, Kihispania upande mmoja na maelezo ya Kiingereza upande wa pili. Mimi nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote, kwa hivyo kitabu cha lugha sikipiti bila kukifungua. Nilisoma utangulizi kwanza. Mwandishi alieleza wazi kwamba amekusanya maneno adimu ya Kihispania: ya kale, ya mashambani, yale ambayo hata wenyewe wameyasahau.

"Hiki si cha kujifunzia," nikamwambia. "Hiki ni cha watu waliokwisha kukijua Kihispania mpaka kikawachosha."

"Mama, shuleni mimi nilikuwa naanza na swali gumu. Ukimaliza gumu, rahisi yanajileta yenyewe."

"Na salamu? Utamsalimiaje mgeni?"

"Hiyo itakuja."

Ilikuwa Julai, majira yetu ya baridi. Asubuhi moja nilitoka kuchuma mboga bila mwavuli kwa sababu sikuona mvua. Nikarudi nguo zimenishika mwilini. Yeye alikuwa mezani na chai yake na kitabu chake. Akaniangalia, uso ukamng'aa.

"*Calabobos!*"

"Nini?"

"Manyunyu membamba yasiyoonekana, yanayomlowesha mjinga anayedhani hakunyeshi."

"Kwa hivyo mjinga ni mimi."

"Ni neno tu, mama. Usilichukue vibaya."

Nililichukua vibaya. Na kilichonikera zaidi ni kwamba neno lenyewe lilikuwa zuri. Nilienda kubadilisha nguo nikilitamka kimoyomoyo, nikijiuliza kwa nini sisi tunaoishi chini ya manyunyu hayo kila mwaka hatukulibuni letu.

Mvua za Novemba zilipokuja, nilitoka shambani nikiwa nimechoka, udongo mwekundu umenikaukia kwenye pindo la sketi. Mume wangu akaninyooshea kidole. "Una *cazcarria*." Nilishtuka, nikidhani ameniona upele. Kumbe ndilo jina la tope linalokauka kwenye pindo la nguo. Beberu wetu, ambaye husimama na kuduwaa kila kitu kinapopita, alimwita *gaznápiro*, yaani mshamba anayeshangaa ovyo, na baada ya wiki chache beberu akawa anaitika. Nilimwomba ajifunze "karibu", "maji", "umelalaje". Nilimwonyesha kwamba sukari kwa Kihispania ni *azúcar*, neno ambalo mtu yeyote wa hapa angelishika siku hiyohiyo. Akasema hilo ni rahisi mno, halimo kitabuni.

Wageni walikuja Februari: binti yetu, mumewe, na huyo mama. Alikuwa mjane wa umri wangu, mfupi, mwenye mikono ya kazi. Alishuka garini saa nane mchana, jua likichemka juu ya mabati. Nilimkumbatia nikasema karibu kwa Kiswahili, akaelewa. Mume wangu akakohoa, akarekebisha koti, akatangaza:

"*Resistero!*"

Yule mama akamtazama. Halafu akacheka, akamshika binti yangu mkono na kusema jambo.

"Baba," binti akatafsiri, "anasema ndiyo, hili ni joto la baada ya saa sita lenyewe. Lakini neno hilo mara ya mwisho alilisikia kwa nyanya yake."

Mngemwona mume wangu! Alitembea siku nzima kama mtu aliyeteuliwa waziri. Mimi nilielewa maana ya maneno yale: amemsalimia mgeni kwa lugha ya marehemu.

Yote haya yangepita salama kama binti na mumewe wasingelazimika kwenda Nairobi kushughulikia stakabadhi zao. Waliondoka Ijumaa na kuahidi kurudi Jumatatu. Yule mama alikuwa amechoka na safari, akaomba abaki nasi. Kulikuwa na ile programu ya simu ya kutafsiri, lakini netiweki kwetu hupatikana langoni tu, tena ukisimama juu ya jiwe. Tulijaribu mara moja, sisi wanawake wawili tukipokezana jiwe, tukaacha.

Mimi na yeye tulielewana bila taabu. Ndengu zilikuwa zimevunwa, nikatoa ungo, naye akaketi kando yangu tukachambua. Alininyooshea kijiti, nikasema "kijiti", akasema kwa Kihispania chao, tukaendelea. Kufikia jioni ya Jumamosi nilikuwa najua mawe, ndengu, mkono, mgongo unauma. Mume wangu alizunguka ua na kitabu chake kama jogoo aliyenyeshewa. Kila alipotua karibu yetu alirusha neno, na mama wa watu aliinua nyusi kwa heshima, akarudi kwenye ndengu. Hilo liliniuma roho kidogo. Lakini ningemwambia nini ambacho sikuwa nimemwambia miezi saba?

Jumapili tukaenda kanisani. Kanisa letu ni la mawe, na nje ya dirisha la kushoto kuna tangi kubwa la kukinga maji ya mvua, limejengwa kwa mawe vilevile, la pembe nne. Lina ufa wa siku nyingi. Mvua ikinyesha linajaa, na baada ya wiki mbili limebaki tope.

Pasta alitambulisha mgeni. "Mwaitu," akaniambia kwa heshima ya hapa kwetu, mama, "mkwe wako atusalimie kidogo. Nani atatutafsiria?"

Kabla sijafungua mdomo, mume wangu alikuwa tayari mbele.

Yule mama alizungumza kama dakika mbili, polepole, kwa sauti nzuri. Katikati alinyoosha mkono kuelekea dirishani, kwenye tangi, na nikasikia neno moja analolirudia, *aljibe*, yeye akilitamka "alhibe". Niliona macho ya mume wangu yakiruka. Alikuwa amelipata! Lilikuwamo kitabuni, alikuwa amelikariri mbele yangu siku anatengeneza paa la banda: kisima kilichojengwa cha kuwekea maji ya mvua. Neno moja katika hotuba nzima.

Mama akamaliza, akamgeukia. Mume wangu alivuta pumzi.

"Mgeni wetu anasema," akaanza, "amefurahi sana kuwa katika nyumba hii ya Bwana." Amina, kanisa likajibu. Hapo angekoma. Nilikohoa ili akome. "Anasema ameliona tangi letu, na moyo wake umeguswa." Amina! Nikakohoa tena, jirani yangu akanipa peremende. "Na anasema kwamba... kuhusu tangi... kwamba tutapata tangi jipya. Yeye atatujengea tangi!"

Vigelegele vilivyopigwa vilisikika sokoni. Wanawake walitoka kwenye viti wakamzingira mgeni, wakamvisha leso, wakamchezea. Naye, maskini, alicheza pia, akicheka, akidhani ndivyo tunavyopokea salamu.

Nilimshika mume wangu tukifika nyumbani, mgeni alipoingia kubadilisha viatu.

"Alisema nini yule mama?"

"Alisema tangi."

"Na nini kingine?"

Akaketi kwenye ngazi. "Sijui."

"Hujui?"

"Nilishika moja tu. Watu wananiangalia, mama. Pasta ananiangalia. Ningesema nini? Nirudi kuketi?"

"Ndiyo! Ungerudi kuketi! Watu huketi kila siku, hawafi!"

Alikuwa anatazama mikono yake, na kwa mara ya kwanza tangu aje na kitabu kile nilimwona mzee. Nilitaka kumhurumia, hasira ikanizidi nguvu. Nilimwambia arudi kwa pasta jioni ileile aseme ukweli. Akaahidi ataenda asubuhi.

Asubuhi kamati ya kanisa ikamtangulia. Walikuja watu wanne na utepe wa kupimia, na mwenyekiti wa kina mama alikuwa amebeba jogoo wa kumpa mgeni. Walitaka mgeni aje achague mahali pa tangi jipya. Mume wangu aliwaambia waketi kwanza wanywe chai. Wakanywa. Akawaongezea. Aliwaonyesha miche yake ya maembe, mmoja mmoja. Nilijua anachofanya: alikuwa anangoja binti afike aseme badala yake. Saa tano na nusu gari likaingia, na binti yangu akakuta kamati, jogoo, mama mkwe aliyevaa leso, na baba yake anaeleza kupandikiza kwa mara ya tatu.

Nikamwita pembeni, nikamweleza. Alijifunika uso kwa mikono miwili.

Kisha akafanya ambalo sisi tulipaswa kufanya. Alimwuliza mama mkwe wake, mbele ya wote, alisema nini kanisani, na akatafsiri sentensi kwa sentensi. Mama alikuwa amewashukuru kwa kumlea msichana mwema. Alikuwa amesema kwamba alizaliwa katika sehemu kavu kusini mwa Uhispania, mahali mvua inapobembelezwa kama hapa, na kwamba nyumba yao ilikuwa na *aljibe*, kisima cha chini cha maji ya mvua, na baba yake ndiye aliyekuwa fundi wa visima hivyo kijijini. Alipoona tangi letu alimkumbuka baba yake. Basi. Hakuahidi kitu.

Mwenyekiti wa kina mama alimtazama jogoo. Mume wangu akasimama, akavua kofia.

"Ni mimi," akasema. "Sikuelewa. Nilijaza mwenyewe."

Binti akamweleza mama mkwe. Nilitarajia akasirike. Aliuliza maswali mawili matatu kuhusu tangi na jinsi linavyovuja, uso umekunjamana, kisha akainuka akavaa viatu.

"Anataka kuliona," binti akasema. "Anauliza ufa uko kwenye kona?"

Uko kwenye kona. Tulienda sote hadi kanisani na utepe wetu usio na kazi. Mama aliinama kwenye mlango wa tangi, akapapasa ndani, akaanza kuzungumza haraka, binti akimkimbiza kwa tafsiri. Baba yake hakuacha kamwe kona yenye pembe, maana ufa huanzia hapo. Kona zilijazwa zikaviringwa, hata mkono ukipita usikwame. Plasta ilipakwa chokaa, safu nyembamba baada ya nyingine, na kusuguliwa kwa jiwe laini. Fundi mmoja katika kamati, mtu asiyependa kufundishwa, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kuhusu chokaa.

Walifanya kazi ile wiki iliyofuata. Simiti kidogo na chokaa zilipatikana, kina mama wakabeba mchanga kutoka mtoni, na mgeni aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa ndani ya tangi, akiwaonyesha kwa mkono namna ya kuviringa. Mume wangu alikuwa humo pia na matope hadi magotini. Alikatazwa kutafsiri.

Jumapili alisimama kanisani kuomba radhi, kama tulivyokubaliana. Nilimwandikia mwenyewe sentensi tatu. Alizisema vizuri, kanisa likamsamehe, nikaanza kupumua. Kisha akaweka karatasi mfukoni.

"Lakini ndugu zangu," akasema, "mnakumbuka nilisema mgeni atatujengea tangi? Na tangi si hilo pale nje?"

Watu walicheka mpaka pasta akashika meza. Yule mama aliniuliza kwa macho kuna nini, na kwa kuwa sikuwa na neno la kumpa, la kawaida wala adimu, nilimpigapiga tu goti. Mvua za Aprili zilipokuja tangi lilijaa, na hadi leo maji yamo, ingawa kona moja inatoa jasho kidogo.

Wiki iliyopita yule mama alipiga simu. Mume wangu alinitangulia kufika langoni, akapanda juu ya jiwe, na nikamsikia akimwuliza mama wa watu, kwa Kihispania cha kawaida kabisa, amelalaje. Huko kwao ilikuwa saa kumi alasiri.