Maana ya kisirani: vile nilikuwa kisirani cha kombaini huku Mau Narok

Wakuu, salamu kutoka kwenye baridi. Hii ni stori ya kweli kabisa. Bibi yangu anasoma hapa kando, kwa hivyo chumvi sina nafasi ya kuongeza.

Kuna mtu aliuliza humu neno "kisirani" limetoka wapi. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa akisema ni la Kiarabu, ndugu yake "hasara". Mimi maana yake niliipata shambani.

Huku sisi wenye vishamba vidogo vya ngano hukodi kombaini moja, inatuvunia kwa zamu.

Msimu huu kila nikipita kusalimia dereva, mashine inazima. Leo mkanda, kesho injini imechemka. (Hiyo mashine ina umri wa babu yangu, lakini nani anakusikiza?)

Jirani yangu Mzee Kiprono, ambaye ndiye hupanga zamu, akaniita kando.

"Kijana yangu, wewe uko na kisirani. Shamba yako itavunwa mwisho. Na usikaribie hiyo mashine."

Iliniuma sana. Mawingu yalishaanza kujikusanya, na ngano iliyoiva ikinyeshewa huota papo hapo kwenye suke. Mwaka wangu mzima ulikuwa umesimama kwenye hilo shamba.

Asubuhi nikabeba kiti na thermos ya chai, nikaenda kukaa kando ya shamba la Mzee. Kombaini ndiyo ilikuwa inaanza kunguruma.

"Unataka nini hapa?"

"Natazama tu, mzee. Leo niko free mpaka jioni."

Aliangalia mashine, akaangalia mawingu, kisha akamwita dereva.

"Anza na ya huyu. Avuniwe aende kwake."

Wakuu, nilicheka kimoyomoyo hadi mbavu zikauma. Jioni ngano yangu ilikuwa stoo, nami nikaenda kulala kwa dada yangu Nakuru ili nisisingiziwe kitu.

Kesho yake mchana simu ikalia. Kombaini imekwama katikati ya shamba la Mzee.

"Lakini mzee, mimi niko Nakuru."

"Najua. Ulikuwa unatufikiria?"

Fundi alikuja, na Mzee akavuna kabla ya mvua, asante Mungu.

Nilichojifunza: kisirani ni hasara inayotafuta mwenyewe, na anayepita karibu ndiye hubandikwa. Ukibandikwa usilie, itumie.

Kwenu mnaitaje, na nani alishawahi kubandikwa? Semeni haraka. Kesho watu wanapanda viazi, na majirani wameshanichangia nauli ya kwenda kusalimia dada.