Lebo ya Sampuli Namba 1187

Tarehe 14 Mei 2022, kwa mujibu wa lebo ya sampuli namba 1187, Yona Sumari alichuma mmea wenye maua ya zambarau ndani ya msitu wa Mlima Meru, mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Tarehe ni ya kweli.

Siku hiyo mvua ilimkuta juu kidogo ya Tengeru. Badala ya kupanda msituni alikotumwa, aliingia kwa shangazi yake, Anyesi, akala ndizi, akachuma mmea ulioota kando ya mfereji, kati ya migomba. Asionekane mvivu katika kituo cha utafiti, ambako kazi yake ni kukusanya na kukausha mimea, akaandika msitu. Nani angeuliza?

Aliuliza Dk. Sneha, mtaalamu wa kituo. Alilinganisha ua lile na jamaa zake wote, akathibitisha kwamba halijawahi kupewa jina. Ili kukamilisha maelezo alihitaji matunda yake. Misimu mitatu ya mvua alipanda msituni kuyatafuta, Yona mbele akimwonyesha njia. Mwaka jana aliteleza, akavunjika mkono. Wakiteremka, Yona alimwambia "Pole, Daktari" mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi iliyopita Yona alikwenda kwa Anyesi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Leo hakuna mvua, umefuata nini?"

"Yale maua ya mferejini yako wapi?"

"Nilimkatia ng'ombe. Ana mimba, anakula kama mchungaji harusini. Kwani uliyataka? Ungesema."

Yona alipiga magoti mferejini. Aliona mashina mawili, yamekatwa usawa wa udongo. Akaenda mpakani mwa shamba, akachuma jani la isale, akalifunga fundo. Ndilo Wameru humpelekea mtu waliyemkosea, kumwomba radhi.

Jumatatu aliliweka mezani kwa Sneha. Sneha amezaliwa Arusha. Hakuhitaji kuelezwa maana yake. Aliligeuza upande wa pili.

"Umelichuma wapi?"

"Kwa shangazi yangu."

"Na ile 1187?"

"Hapohapo, Daktari. Siku ile mvua ilikuwa kubwa."

"Na mwaka jana nilipovunjika, ilikuwa mvua ileile?"



Sneha hakufoka. Alimsogezea kikaratasi aandike lebo mpya. Yona aliandika jina la shangazi yake, mfereji, migomba, kisha akanyoosha mkono kuibandua lebo ya zamani.

"Iache," Sneha alisema. "Unajua utaratibu."

Aliujua, yeye ndiye huwafundisha wapya. Katika kazi hii kosa halifutwi. Sahihisho hubandikwa pembeni yake, na yeyote atakayelifungua jalada la sampuli hiyo, hata baada ya miaka mia, atayasoma yote mawili pamoja na jina la aliyeyaandika.

Alhamisi asubuhi watakwenda kwa Anyesi, wote wawili, kutazama kama mashina yale yamechipua.