Mkanda Alioukataa Mume Wangu

Watu wanaotaka kuanza mbio ndefu wakija kwangu huniuliza habari za viatu. Viatu, viatu, kila siku viatu. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda pale Mkuyuni, na huu ni mwaka wa saba nakimbia. Jibu langu ni fupi. Chukua kiatu cha mtumba kinachokutosha, ukizoee mwezi mzima kabla ya siku ya mbio. Tafuta soksi zisizo na mshono mnene vidoleni. Jipake mafuta ya mgando mapajani na kwapani, kata kucha mapema, kula ugali wa muhogo jioni ya kuamkia safari. Hayo mengine ya kwenye simu zenu mimi siyajui. Ila nikimaliza hapo huwa namuuliza mtu kama ana ugonjwa wowote, na akijifanya hamnazo namkalia kooni mpaka aseme.

Mume wangu ana sukari. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, ila kichwa ngumu. Anajidunga sindano asubuhi na jioni. Kliniki walimwambia afanye mazoezi, akaanza kukimbia, na mimi nikamfuata ili nimchunge. Mwishowe nikanogewa kuliko yeye. Nesi alitukalisha sisi wawili akatueleza kwamba mtu wa sindano akikimbia sana bila kula, sukari inaweza kushuka akiwa njiani, akachanganyikiwa, akaanguka, akafa hapo hapo watu wakimwangalia. Akasema asitoke nyumbani bila kitu kitamu mwilini mwake, na asikimbie peke yake.

Nikamshonea mkanda wa kiunoni, wa turubai, wenye zipu mbili. Nilitia humo pakiti mbili za glukosi, matobolwa, yaani vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha tunavyokula huku kwetu, na karatasi niliyoiandika kwa herufi kubwa: NINA SUKARI, NIKIANGUKA NIPENI KITU KITAMU, na namba yangu ya simu. Tena tulikuwa na desturi yetu. Kila baada ya kama kilomita mbili nilimuuliza hesabu, saba mara nane, tisa mara sita. Mwalimu huyo, akichelewa kujibu tu, nasimamisha safari na kumlisha glukosi kwa lazima.

Wiki moja kabla ya siku ninayoisimulia, vijana wawili wanaokimbia barabara ile walimpita, wakauona ule mkanda kiunoni kama wa kondakta wa daladala, wakacheka, "Konda, nauli shilingi ngapi hadi Kisesa?" Alicheka nao. Kumbe lilimwingia.

Jumamosi ile tulitoka Buswelu saa kumi na mbili asubuhi. Tulipanga kwenda hadi njia panda ya Bujora na kurudi, kwa kuwa zilikuwa zimebaki wiki tatu tu kabla ya mbio za nusu marathoni mjini. Upepo wa ziwani ulikuwa na baridi, kwa hiyo alivaa jaketi. Tulipofika barabara kuu ya Musoma akalivua akalifunga kiunoni. Hapo ndipo nikaona hana mkanda.

"Mkanda uko wapi?"

"Nimeusahau."

"Umeusahau au umeuacha?"

Akakimbia hatua kadhaa mbele. "Mama, leo wale vijana watakuwepo. Sitaki kuitwa konda."

"Turudi tukauchukue."

"Sirudi. Nimekunywa chai, inatosha."

Chai yenyewe niliiona: nusu kikombe, na kipande cha kiazi alichokiuma mara moja. Sindano alikuwa ameshajidunga. Jamani, nikawaka. Mimi nina mdomo, sikatai, hata mteja akinichelewesha nauachia. Nilimwambia barabarani pale, sauti juu, "Basi nenda kafe huko. Usinisumbue." Nikaongeza mwendo nikamwacha.

Sikumuuliza hesabu hata moja. Nilikimbia kwa hasira mpaka Kisesa, sikugeuza shingo. Nilimsikia nyuma yangu kwa muda, ile hatua yake ya kuburuta kidogo mguu wa kushoto, halafu nikaacha kumsikia. Nikajisemea, vizuri, ajifunze. Nikafika njia panda ya Bujora, nikagusa mti kama tunavyofanya, nikageuka.

Kwa hesabu yangu tungekutana ndani ya dakika tano. Dakika tano zikapita, kumi zikapita, simwoni. Kila mtu aliyekuja kwa mbali nilimdhania ni yeye, na kila mara alikuwa mwenye baiskeli au mama mwenye ndoo. Hofu ikaanza, nikaifukuza kwa hasira. Nikasema ameshageuza, amerudi nyumbani kwa kununa, nitamkuta kakaa kwenye kiti anasoma gazeti. Nilimtukana moyoni matusi ambayo siwezi kuyaandika.

Ukirudi, ukishaipita Kisesa, kuna kilabu cha pombe za kienyeji, ng'ambo ya barabara kutoka upande niliokuwa nakimbilia. Wanaume watatu walikuwa wamesimama wanacheka, na chini kati yao mtu amelala kifudifudi kwenye vumbi. Mmoja akasema kwa sauti, "Huyu kaanza mapema kweli." Lori likapita katikati yetu. Nikasonya. Msonyo mrefu, wa kutoka rohoni, wa kuwasonya wanaume wote walionikera asubuhi ile. Nikapita.

Mkimbiaji akimpita mtu anamwangalia miguu. Ni mazoea tu, hata kanisani naangalia soli za watu wakipiga magoti. Jicho langu lilishaona miguu ya yule mlevi, ila kichwa kilikuwa kimejaa hasira, hakikupokea. Nilikwenda kama kilomita mbili mbele, nikiwa napandisha kilima, ndipo kikapokea. Mlevi alikuwa amevaa viatu vya kukimbilia. Soli ya kushoto ilikuwa imelika upande wa nje.

Nilisimama katikati ya barabara, gari likanipigia honi. Hakukuwa na bodaboda hata moja, na mimi simu sikuwa nayo, siku ile niliiacha nyumbani. Nikageuka nikakimbia.

Kasi ile sijawahi kukimbia tena, wala sitaki. Mbavu zilinichoma, mate yakakauka, na kichwani nilikuwa na neno moja tu, lile nililomwambia. Nenda kafe. Nilimwomba Mungu asiwe amelisikia. Kila hatua niliona dakika zinavyokwenda, za kumpita, na sasa za kumrudia, na mwenzangu yuko chini.

Nilipofika wale wanaume hawakuwa wakicheka tena. Mmoja alikuwa amechuchumaa anamtikisa bega. Nilimsukuma nikamgeuza mume wangu. Alikuwa baridi, ameloa jasho kama aliyetoka kuoga, macho nusu wazi hayanioni. Alikuwa akikoroma kwa shida.

"Hajalewa," nikasema. "Ana sukari, imeshuka. Nipeni sukari."

"Sukari si ndiyo inamuua?" mmoja akauliza.

"Nipeni sukari!"

Mama mmoja aliyekuwa akichoma vitumbua jirani na pale aliacha karai lake akaja mbio na kopo la sukari na kikombe cha maji. Akataka kummiminia mdomoni. Nikamzuia mkono, kwa sababu nesi alituonya kwamba mtu asiyemeza ukimnywesha unamzamisha. Nikamlaza ubavu, nikalowesha sukari kidogo kiganjani, nikampaka ndani ya shavu na kwenye fizi kwa kidole. Nikapaka tena. Mama wa vitumbua alikuwa amepiga magoti ananishikia kopo.

Sijui ilichukua muda gani. Kwangu ilikuwa asubuhi nzima. Kisha ulimi wake ukasogea ukakilamba kidole changu. Nikapaka tena. Akameza. Akafungua macho, akaniangalia kama mgeni, akajaribu kunisukuma. Hapo ndipo nikaanza kulia. Wakaleta soda, akainywa nusu, akatapika kidogo, akanywa tena. Yule aliyesema kaanza mapema akaenda kutafuta gari bila kuombwa, na ndilo lililotupeleka hospitali. Walimtundikia dripu, wakamruhusu jioni.

Kesho yake baada ya ibada tulikaa barazani. Nilikuwa nimempikia sato na ugali, nimemwangalia akila tonge kwa tonge mpaka sahani ikaisha. Sikuwa na ugomvi hata kidogo. Nilikuwa naogopa tu, maana tangu Jumamosi hakuna aliyeniuliza nilimkutaje, na mimi sikusema.

Yeye ndiye aliyeanza. Akaniambia alipoona vitu viwili viwili alikumbuka kuna duka la soda pale karibu na kilabu, akakata barabara, akakuta limefungwa, miguu ikagoma. Akasema alisikia watu wanamcheka, ila mdomo ulikataa kutamka. Alichoweza ni kung'ang'ania asilale. Alijiuliza hesabu mwenyewe, akashindwa, akaendelea kujiuliza.

"Halafu nikasikia msonyo wako," akasema, na akatabasamu kabisa. "Katika dunia nzima hakuna anayesonya vile. Nikajua umefika. Nikasema sasa nipo salama, nikaacha kung'ang'ania."

Alikuwa ananishukuru. Alinishika mkono juu ya goti lake.

Ningeweza kunyamaza. Mpaka leo hakuna ambaye angejua. Lakini ule mkono ulikuwa mzito, sikuweza kuubeba.

"Nilipita," nikamwambia. "Nilisonya nikapita. Nilidhani mlevi. Nilikwenda kilomita mbili ndipo nikarudi."

Mume wangu anaijua kilomita. Anajua mwendo wangu, anajua kile kilima. Nikamwona anapiga hesabu, kwenda na kurudi, bila haraka, kama anavyofanya ubaoni.

"Mbili," akasema.

"Mbili."

Mkono hakuuondoa. Ila hakunibana tena, aliuacha tu umelala pale, akaangalia barabarani.