Nyumba Yenye Lango Moja

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, benchi la mapokezi limeshajaa na watu wanne wameegemea ukuta. Mpokeaji wagonjwa anabonyeza kitufe kilekile kwa mara ya sita, kana kwamba kompyuta itaona haya ikubali. Haikubali. Anasukuma kiti nyuma na kuchungulia mlango wa masijala.

"Shangazi, imegoma. Inasema haina nafasi."

"Imekula nini tena?" anauliza mwanamke aliye ndani, akivaa miwani yenye mkono mmoja uliofungwa uzi.

Huyo ndiye Bi Masijala. Jina la kwenye barua za kazi analo, ila katika kituo hiki cha afya ukiliita utazunguka jengo zima bila kumpata anayegeuka. Ana miaka hamsini na mmoja. Kwa miaka ishirini na miwili amepanga faili za wagonjwa kwenye rafu, na katika minne ya mwisho ameongezewa mtoto wa kulea: mashine nyeusi iliyo chini ya meza ya kona, seva ya Linux inayotunza kumbukumbu za kituo kizima.

Hakusomea. Fundi aliyeifunga alikaa siku mbili, akaacha namba ya simu, na namba yenyewe ikaacha kupatikana. Mganga mkuu wa wakati huo akatazama huku na huku akitafuta wa kumtwika. "Akaniambia, wewe umezoea faili, na humu nako ni faili," anakumbuka Bi Masijala. "Nikaona sawa. Sikujua nauziwa mbuzi kwenye gunia."

Leo ananyanyuka haraka kuliko kawaida, na sababu anayo. Mashine imesimama mara mbili tangu mwaka uanze, na mganga mkuu wa sasa amemwandikia barua: ikisimama mara ya tatu, kazi itapewa kampuni ya nje, naye atarudi kwenye rafu mpaka mkataba wake uishe, miezi miwili ijayo. Barua ameikunja vizuri akaiweka kwenye droo, chini ya stepla, mahali ambapo ataiona kila siku bila kutaka.

"Waandike kwenye daftari kwanza," anamwambia mpokeaji. "Mkono wako haujasahau kalamu?"

Anaketi mbele ya skrini nyeusi yenye maandishi meupe. Diski kuu inasoma asilimia mia moja. Ukutani, juu ya kichwa chake, umebandikwa mchoro alioufanya kwa kalamu nyuma ya kalenda ya mwaka juzi. Juu kabisa kuna mkwaju, kile kijistari cha mshazari, umesimama peke yake. Kutoka hapo yanashuka matawi.

"Wengi wanapotea hapo juu," anasema huku vidole vikiendelea. "Kwenye kompyuta za nyumbani kila diski ni nyumba yake. Hapa nyumba ni moja na lango ni moja, ndiyo huo mkwaju. Vyumba vyote viko ndani yake."

Na vyumba vyake anavijua kama anavyojua nani amejificha chooni wakati wa kikao. Folda ya etc ni ofisi ya mganga mkuu, yanakokaa maagizo. Home ni makabati ya wafanyakazi, kila mtu na lake. Bin ni trei ya vifaa: mkasi, koleo, sindano. Var ni daftari za zamu, zinanenepa kila siku. Na tmp ni benchi la kusubiri.

Hapo kwenye tmp ndipo alipowahi kuumia. Mwaka wake wa kwanza na mashine aliiona ikiwa tupu, safi, haina mwenyewe, akafurahi kama aliyepata rafu mpya. Kwa wiki tatu akawa anahifadhi humo kadi za wagonjwa alizokuwa akizichapa. Siku moja mashine ikazimwa na kuwashwa. Kadi mia nne na kumi na mbili zikawa hazipo.

"Benchi la kusubiri, kituo kikifungwa wote wanaondolewa," anasema. "Mimi nilikuwa nimelaza wagonjwa kwenye benchi."

Alizichapa upya kwa siku kumi na tisa, akila chakula cha mchana juu ya kibodi. Mchoro ule ulianza wiki hiyo.

Anaipima nyumba chumba kwa chumba. Shaka ya kwanza inaiangukia var, lakini leo var haina kosa. Home ni nyepesi. Kisha anafika mnt, mahali pa kupachikia diski ya nje inayopokea nakala za kumbukumbu kila jioni. Ndani ya folda ya nakala kuna mzigo mkubwa kuliko vyumba vingine vyote vikijumlishwa. Bi Masijala anavua miwani, anainama chini ya meza, na anakuta waya wa diski umelala sakafuni. Kwenye soketi yake limechomekwa birika la umeme.

"Babu Dekio," anaita.

Mhudumu wa usafi anatokea na fagio lake, amejaa upole wa mtu anayejua anachoitiwa.

"Birika lako limehamia lini hapa?"

"Si wiki iliyopita? Juzijuzi tu. Soketi ya jikoni imeungua, dada. Na wewe chai unakunywa."

"Nakunywa. Ndiyo maana nakosa hata pa kukuanzia."

Siku kumi na moja, hesabu ya mashine inaonyesha. Diski ilipozimwa, chumba kiliondoka na mlango ukabaki. Nakala zikaja kila jioni, zikakuta mlango uko wazi, zikaingia, zikajirundika ndani ya diski kuu mpaka ikavimbiwa.

Mganga mkuu anaingia, mikono mfukoni. Ni mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano, na barua ni yake.

"Mama, watu wamefika thelathini. Kama ni huo mzigo, futa tuendelee."

"Sifuti, daktari."

"Ni nakala tu."

"Ni nakala pekee za siku kumi na moja. Na nikirudisha diski kwenye mlango uleule, itazifunika. Hazitaonekana, na zitaendelea kula nafasi. Nipe dakika arobaini."

Mganga mkuu anatazama saa, anatazama birika, anavuta kiti. Bi Masijala anaichomeka diski, anaipa mlango mwingine kabisa, anahamishia nakala huko, anazihakiki moja moja, ndipo anafuta zile zilizobaki kwenye diski kuu. Kisha anairudisha diski mlangoni pake, na anaongeza agizo: kabla ya kuweka nakala yoyote, mashine ihakikishe kwanza kuna chumba nyuma ya mlango. Zimetumika dakika thelathini na nane.

"Shangazi, imekubali," sauti inatoka mapokezi.

Mganga mkuu anasimama. "Hii ni ya tatu," anasema.

"Ni ya tatu."

Mganga mkuu anatazama tena birika. "Hapana. Hii naiandika kwa jina la birika, si lako. Lete ile barua."

Stepla inahamishwa, barua inatoka, inaingia mfukoni mwa koti jeupe. Soketi, kabla ya saa nne, imeshabandikwa karatasi: CHAI HAINYWEWI HAPA. Mwandiko ni wa Babu Dekio.

Mwezi ujao nafasi ya msimamizi wa mifumo inashindaniwa, ajira ya kudumu, kwa usaili wa mbele ya jopo. Bi Masijala ameshapeleka maombi. Akiipata, anataka kuwakusanya watunza faili wa vituo vya jirani, awape kila mmoja kalenda kuukuu na kalamu, wachore nyumba zao wenyewe.

"Jopo siliogopi," anasema, akifuta miwani kwa pindo la khanga. "Ila wakianza kwa kuniuliza tmp ni ya nini, nitawaomba maji kwanza."